Ujuzi Hauzeeki: Kipaji cha Mwili na Ufundi katika Mpira wa Kikapu



Nenda jioni yoyote kwenye uwanja wa shule au wa parokia penye nguzo mbili za mpira wa kikapu, utaona jambo moja likijirudia. Watoto wanapogawana timu, wa kwanza kuitwa ni yule aliyerefuka kuliko wenzake, hata kama hajawahi kuugusa mpira. Wa mwisho ni yule mfupi, ambaye pengine amekuwa akiudunda mpira peke yake uani tangu asubuhi. Akirudi nyumbani amenuna, mzazi humwambia, "Mwanangu, achana na mchezo huo, ule ni wa warefu." Kwa jirani nako mzazi wa yule mrefu huambiwa kila siku, "Huyu mtoto ni mali!" Naye huanza kumhimiza acheze asubuhi na jioni, hata goti likimuuma.

Watoto wote wawili wanaweza kuumizwa na maneno ya namna hiyo: mmoja moyoni, mwingine mifupani. Kwa sababu hiyo ukurasa wetu wa afya mwezi huu unashughulikia swali hili: katika mpira wa kikapu, ni mambo gani mtu huzaliwa nayo, na ni mambo gani hujifunza? Tutawatazama baadhi ya wachezaji mashuhuri wa ligi ya kulipwa ya Marekani iitwayo NBA, halafu tutaona mafundisho ya afya yanayotuhusu sisi katika familia zetu.

1. MCHEZO WENYEWE ULIVYO

Mchezo huu ulibuniwa mwezi Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wakati wa baridi vijana wake hawakuweza kucheza nje, naye alitaka mchezo wa ndani usiokuwa wa kuumizana. Akatundika vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, yaani sentimita 305. Mpaka leo ringi ya mpira wa kikapu huwekwa kwa kimo hicho hicho.

Tuangalie jinsi alivyokiweka kikapu. Hakukisimamisha kama goli la kandanda, bali alikilaza, mdomo ukitazama juu. Alifanya hivyo kwa makusudi, kwani goli lililosimama humvutia mchezaji apige kwa nguvu, lakini kikapu kilicholala humlazimu kuutupa mpira kwa upole na shabaha, upande juu kisha utue ndani. Hivyo tangu siku ya kwanza mchezo huu ulikuwa na sura mbili: kwa sababu ringi iko juu, mrefu anapata nafasi; kwa sababu imelala, mwenye ufundi naye anapata nafasi.

2. MAMBO TUNAYOZALIWA NAYO

Mwili wa mchezaji una mambo ambayo hakuyafanyia kazi, bali ameyarithi kwa wazazi wake.

(a) Kimo. Wataalamu hukadiria kwamba mahali penye lishe ya kutosha, karibu asilimia 80 ya tofauti za kimo kati ya watu hutokana na urithi. Sehemu inayobaki hutegemea chakula, magonjwa na malezi, hasa katika siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto aliyedumaa katika kipindi hicho ni vigumu kukifidia kimo alichokipoteza. Na hapa turekebishe imani moja iliyoenea sana: mpira wa kikapu hauongezi urefu. Wachezaji ni warefu kwa sababu warefu ndio wanaochaguliwa. Vivyo hivyo, dawa na unga unaouzwa mitaani kwa ahadi ya kurefusha watoto usinunuliwe.

(b) Aina ya misuli. Misuli yetu ina nyuzi za namna mbili: nyuzi za kasi, zinazotoa nguvu ya ghafla ya kuruka na kukimbia mbio fupi, na nyuzi za ustahimilivu, zisizochoka upesi. Kila mtu anazo zote, lakini si kwa kiasi kimoja. Mazoezi huziimarisha, ila msingi wake ni wa kuzaliwa nao.

(c) Urefu wa mikono na ukubwa wa viganja. Hivi navyo haviongezwi na mazoezi yoyote.

Kimo na uwezo wa kuruka si kitu kimoja. Mwaka 1986 mashindano ya NBA ya kuuzamisha mpira kikapuni kwa mkono yalishindwa na Spud Webb, mtu wa sentimita 168 tu. Na katika msimu wa 1987-88 timu ya Washington ilikuwa na wachezaji wawili ambao wakisimama pamoja watu walicheka: Manute Bol, Mdinka kutoka Sudan, mwenye sentimita 231, na Muggsy Bogues mwenye sentimita 160. Bol alizuia mitupo ya wapinzani kwa mikono yake mirefu. Bogues aliudunda mpira chini sana hata warefu wakashindwa kumnyang'anya, naye akadumu katika ligi hiyo kwa misimu 14.

3. UFUNDI NI NINI?

Watu wengi hudhani ufundi umo mikononi. Kwa kweli umo katika ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto anaporudia tendo moja mara nyingi na kwa usahihi, njia ya fahamu inayoendesha tendo hilo huimarika, na ujumbe kutoka ubongoni hadi kwenye misuli hupita kwa haraka zaidi. Ni kama njia ya miguu katikati ya majani: wa kwanza kupita hupata taabu, lakini wakishapita wengi njia hunyooka. Ubongo huendelea na kazi hiyo hata wakati wa usingizi. Mtoto anayekesha hupoteza sehemu ya yale aliyojifunza mchana.

Mfano mzuri ni George Mikan. Kijana huyu aliingia katika Chuo Kikuu cha DePaul mjini Chicago mwaka 1942 akiwa na kimo cha sentimita 208 hivi, miwani minene, na miguu mizito. Siku hizo walimu wengi waliamini kwamba mtu mrefu namna hiyo hawezi kuwa mchezaji, kwa kuwa atajikwaa tu. Mwalimu wake, Ray Meyer, hakukubali. Alimfanya aruke kamba, ajifunze kucheza dansi ili miguu ipate wepesi, na atupe mpira kwa mkono wa kulia na wa kushoto mamia ya mara karibu na ringi. Mikan akawa mchezaji aliyeogopwa kuliko wote wa wakati wake, na zoezi lile la mikono miwili hufundishwa watoto mpaka leo kwa jina lake. Urefu aliletewa na urithi. Wepesi aliupata kwa kamba na dansi.

4. MIZANI YA HAKI: MTUPO HURU

Je, tunaweza kupima ufundi peke yake, bila kimo wala kuruka? Ndiyo. Mchezaji akifanyiwa madhambi hupewa mtupo huru. Husimama kwenye mstari ulio mita 4.6 hivi kutoka kwenye ubao, hakuna anayemzuia wala kumkimbiza. Hapo mrefu na mfupi, mwepesi na mzito, wote ni sawa.

Wilt Chamberlain, aliyezaliwa mjini Philadelphia mwaka 1936, alikuwa na mwili wa ajabu: sentimita 216, nguvu nyingi, na alishindana pia katika kuruka juu alipokuwa chuoni. Tarehe 2 Machi 1962 alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia katika NBA. Lakini kwenye mtupo huru mtu huyu alikuwa dhaifu. Katika maisha yake yote ya uchezaji alipata karibu nusu tu ya mitupo yake, na msimu wa 1967-68 hakufikia hata 4 katika kila 10.

Na hapa pana fundisho kubwa. Katika msimu ule wa pointi 100, Chamberlain alikuwa akitupa mitupo huru kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtu anayerusha ndoo ya maji. Siku ile alipata mitupo 28 kati ya 32. Msimu ule ndio ulikuwa bora kwake katika mitupo hiyo, kiasi cha 6 katika kila 10. Hata hivyo aliiacha namna hiyo. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliona aibu, kwa kuwa ilionekana si ya kiume. Mchezaji mwingine, Rick Barry, hakujali kuchekwa; alitupa kutoka chini maisha yake yote akapata karibu 9 katika kila 10. Wazazi, tuone hapo jinsi aibu inavyoweza kumzuia hata jitu asijifunze. Mtoto anayechekwa na ndugu zake nyumbani anapojaribu jambo jipya, ataliacha kabla hajalifahamu.

5. VIJANA WAWILI WA MWAKA 2009

Kila mwaka timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu. Mwaka 2009 kijana wa pili kuchaguliwa alikuwa Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi hiyo. Kimo chake ni sentimita 221. Alianza mchezo huu akiwa kijana wa miaka kama 15, na kwa muda mfupi akawa mlinzi hodari katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Huo ulikuwa mwendo mkubwa sana kwa miaka michache, na Watanzania wana haki ya kuuonea fahari.

Wa saba kuchaguliwa mwaka huo alikuwa Stephen Curry, mwenye sentimita 188. Vyuo vikubwa vya michezo vilikuwa vimempita, vikimwona mwembamba mno, naye akasoma katika chuo kidogo cha Davidson. Lakini Curry alikuwa mtoto wa Dell Curry, mtupaji hodari aliyecheza NBA misimu 16, na tangu utotoni alikuwa uwanjani kwa baba yake. Akiwa sekondari baba yake alimwonyesha kwamba alikuwa akiutupa mpira kutoka chini mno, karibu na kiuno, na warefu wangemzuia. Likizo nzima alijifunza upya kuutupa kutoka juu ya kichwa, na kwa wiki nyingi hakupata kitu isipokuwa karibu kabisa na ringi.

Thabeet alicheza NBA hadi mwaka 2014. Curry akawa bingwa mara nne, miaka ya 2015, 2017, 2018 na 2022. Tarehe 14 Desemba 2021 alivunja rekodi ya mitupo ya pointi tatu, na mwezi Machi 2025 alifikisha mitupo 4,000. Kwenye mtupo huru hupata zaidi ya 9 katika kila 10.

Tusiseme haraka kwamba mmoja alijitahidi na mwingine alilala. La hasha. Tofauti kubwa ni miaka. Huyu aliushika mpira tangu alipoweza kutembea, na mwalimu alikuwa nyumbani. Yule aliupata akiwa kijana mkubwa, na akatakiwa ajifunze kwa miaka michache yale ambayo wenzake walijifunza utoto mzima. Mwili ulimfungulia mlango upesi kuliko ufundi ulivyoweza kumfuata.

Lakini je, aliyechelewa amekosa? Si lazima. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, naye alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Hata hivyo hakuja mikono mitupu: alikuwa amecheza kandanda na mpira wa mikono, na miguu yake ilikuwa imeshajifunza kugeuka na kumhadaa mpinzani. Aliiongoza timu ya Houston kuwa bingwa mwaka 1994 na 1995, na rekodi yake ya kuzuia mitupo 3,830 haijavunjwa. Anayemfuata katika rekodi hiyo ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, ambaye alikwenda Marekani mwaka 1987 akikusudia kuwa daktari. Alianza kucheza NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuiita kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Alifariki mwaka 2024. Basi mtoto anayecheza rede, kandanda na kuruka kamba hapotezi wakati. Anaweka akiba itakayotumika katika mchezo mwingine.

6. MIGUU HUCHOKA, UJUZI HUBAKI

Wahenga walisema, ujuzi hauzeeki. Katika mpira wa kikapu jambo hili linaonekana wazi.

Michael Jordan alijaliwa yote mawili. Alipokuwa kijana aliruka kana kwamba hewa imemshika. Lakini nguvu ya kuruka hupungua baada ya miaka 30, naye alilijua hilo. Akajifunza mtupo wa kugeuka na kurudi nyuma, ambao hauhitaji kuruka juu kuliko wote bali shabaha na wakati mzuri. Mwezi Juni 1998, akiwa na miaka 35, alitupa mtupo ulioipa Chicago ubingwa wa sita.

Kareem Abdul-Jabbar alipokuwa chuoni, mwaka 1967 wakubwa wa michezo ya vyuo walipiga marufuku kuzamisha mpira kwa mkono. Kwa kuwa alikuwa na sentimita 218, wengi walidhani amefungwa mikono. Yeye akazidi kuunoa mtupo wake wa mkono mmoja kutoka juu ya kichwa, aliouanza utotoni kwa lile zoezi la Mikan. Kwa mtupo huo alicheza NBA hadi mwaka 1989, akiwa na miaka 42, na rekodi yake ya pointi 38,387 ilidumu mpaka Februari 2023.

Wapo pia ambao hawakuwa na kipaji cha kuruka wala mbio. Larry Bird wa Indiana alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Nikola Jokić wa Serbia, ambaye utotoni alikuwa mnene na mpenda soda, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014. Wengi waliona mwili wake haufai. Akawa mchezaji bora mwaka 2021, 2022 na 2024, na bingwa mwaka 2023. Haruki sana, lakini humwona mwenzake aliye wazi kabla wengine hawajamwona. Kwa upande wa akina mama, Sue Bird mwenye sentimita 175 alipata medali tano za dhahabu za Olimpiki, na aliacha kucheza mwaka 2022 akiwa na miaka 41.

Lakini tusidanganyane: Bird na Jokić, kila mmoja ana kimo cha zaidi ya sentimita 200. Katika ngazi ya juu kabisa ya mchezo huu, asiye na kimo anahitaji ufundi usio wa kawaida. Kumwambia mtoto kwamba bidii peke yake itamfikisha popote si kweli, na si haki kwake. Lililo kweli ni hili: kipaji cha mwili hatukipangi sisi, lakini ufundi tunaweza kuujenga, na mtoto atabaki nao.

7. KILA MTOTO NA WAKATI WAKE

Mwaka 1978 Jordan, akiwa na miaka 15, hakuchukuliwa katika timu kubwa ya shule yake kule Wilmington. Mwenzake mrefu zaidi alichukuliwa, yeye akapelekwa timu ya wadogo. Baadaye akarefuka hadi sentimita 198. Scottie Pippen, aliyekuwa bingwa pamoja naye mara sita, alimaliza sekondari akiwa na sentimita 185 hivi, na chuoni alianza kwa kutunza vifaa vya timu. Akarefuka hadi 203. David Robinson aliongezeka zaidi ya sentimita 10 baada ya kuingia chuo cha wanamaji.

Wasichana wengi hurefuka upesi kati ya miaka 10 na 14, wavulana kati ya miaka 12 na 16, lakini kila mwili una saa yake. Kwa hiyo mtoto mfupi wa miaka 13 hatujui atakuwaje, na mrefu wa miaka 13 pengine ametangulia tu. Faida nyingine ni kwamba aliyejifunza ufundi akiwa mfupi hubaki nao akirefuka. Na kwa yule mrefu tukumbuke, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tusifu juhudi zake, si urefu wake.

8. MASHAURI KWA WAZAZI NA WALIMU

(i) Kabla ya miaka 12 hivi, mtoto acheze michezo mbalimbali. Asifungwe na mmoja.

(ii) Saa za mazoezi ya timu kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 10, zisizidi saa 10. Kila wiki apate angalau siku moja ya kupumzika kabisa.

(iii) Mazoezi ya ufundi yawe mafupi na ya kila mara. Dakika 20 za kutupa mpira kwa usahihi karibu na ringi zina faida kuliko saa mbili za kutupa ovyo kutoka mbali. Haba na haba hujaza kibaba.

(iv) Usingizi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12. Vijana, saa 8 hadi 10.

(v) Chakula cha kawaida kinatosha: ugali au wali, maharage, dagaa, mayai au maziwa, mboga za majani na matunda. Maji yatangulie kuliko soda.

(vi) Wafundishwe kutua. Mtoto akiruka, atue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yasiingie ndani. Jambo hili ni la lazima hasa kwa wasichana, ambao huchanika kano za goti mara nyingi kuliko wavulana.

(vii) Kifundo cha mguu kikiteguka, usikikande kwa maji ya moto wala kukisugua siku hiyo. Mpumzishe, weka kitambaa chenye barafu au maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mno, na uinue mguu. Asipoweza kutembea hatua nne, mpeleke hospitali apigwe picha. Akipona afanye zoezi la kusimama kwa mguu mmoja. Curry mwenyewe alipasuliwa kifundo mwaka 2011 na 2012, akarudi baada ya kuimarisha nyonga na miguu.

9. DALILI ZISIZOFAA KUPUUZWA

Maumivu chini ya pia ya goti kwa kijana anayerefuka mara nyingi hutokana na kuvutwa kwa sehemu laini ya mfupa unaokua. Apunguziwe mazoezi, asiambiwe "jikaze". Maumivu yakidumu au yakimwamsha usiku, aonwe na daktari.

Mtoto akizimia wakati wa mazoezi, akipata maumivu ya kifua, au akichoka kuliko wenzake bila sababu, asimamishwe mara moja na apimwe moyo. Hank Gathers, mchezaji hodari wa chuo kimoja cha Los Angeles, alizimia uwanjani Desemba 1989 akagunduliwa kuwa mapigo ya moyo wake si ya kawaida. Alirudi kucheza, na tarehe 4 Machi 1990 alianguka tena katikati ya mchezo akafa. Alikuwa na miaka 23.

Aidha, mtoto mrefu sana na mwembamba, mwenye vidole virefu kupita kiasi, macho yasiyoona mbali, na kifua kilichoingia ndani au kutokeza, huenda ana ugonjwa wa Marfan, ambao hudhoofisha mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Si kila mrefu anao, bali ni wachache. Lakini ni vema daktari amwone kabla mwalimu hajamwona.

KWA KIFUPI

Kimo na misuli huja kwa urithi, ufundi huja kwa kurudia, na afya huja kwa kutunzwa. Mzazi hawezi kumwongezea mwanawe kimo kwa kumhimiza. Anaweza kumpa chakula, usingizi, muda, mwalimu mvumilivu na nyumba ambamo hachekwi akikosea. Basi kesho jioni mkigawana timu, mwiteni kwanza yule mfupi aliyekuwa akidunda mpira uani, na yule mrefu mwulizeni kama goti lake limepona.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini Naismith alikilaza kikapu badala ya kukisimamisha?
2. Chamberlain aliacha njia iliyomfaa kwa sababu ya aibu. Je, katika familia yetu kuna jambo ambalo mtoto ameliacha kwa kuchekwa?
3. Watoto wetu hulala saa ngapi kila siku? Je, zinatosha?
4. Ni nani hapa nyumbani aliyewahi kuzimia au kuumwa kifua akifanya mazoezi, na je, alipimwa?